Dunia Inayonyima Ndiyo Tamu

Hotuba kwa wachezaji wa michezo ya mezani na wageni wao, Kijitonyama, Dar es Salaam

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazazi mliokuja kuona watoto wenu wanafanya nini kila Jumamosi, karibuni sana, na ahsanteni kwa kutuamini. Vijana, naona mmejaa mpaka kwenye korido. Waliokosa viti wavumilie, chai ipo.

Nimeombwa nizungumzie dunia za michezo yetu, zile ninazozipenda kuliko nyingine. Kwa ajili ya wageni niseme kwanza mchezo wenyewe ukoje. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: ndiye anayeeleza mahali palivyo, nani amesimama mlangoni, kuna mvua au kuna jua. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, na yeye ndiye anayesema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo jambo linaweza kwenda hivi au vile, inarushwa dadu. Hakuna mshindi wala mshindwa. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu hapo zimetungwa dunia nyingi mno, za mazimwi, za vyombo vya angani, za mizimu, na mtu mmoja hawezi kuzimaliza zote katika umri wake.

Mimi nina kipimo kimoja. Nikikutana na dunia mpya siulizi ina mazimwi mangapi, wala ramani yake imechorwa vizuri kiasi gani. Nauliza inanyima nini. Dunia inayompa mchezaji kila kitu inamfanya mtalii: anapita, anatazama, anaondoka. Ile inayomnyima kitu kimoja cha msingi, tena ikashikilia hapo hapo bila kulegea, inamlazimisha achague. Akichagua tu, hadithi imeshaanza, hata kama dadu bado zimo mfukoni. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nimekuja kuitetea.

Nianze na ile ambayo wengi wenu ndiyo iliyowaingiza kwenye mchezo, yaani Forgotten Realms. Ed Greenwood wa Kanada alianza kuitungia hadithi katika miaka ya 1960 akiwa bado mtoto, na mwaka 1987 ikachapishwa kama dunia ya mchezo. Ni kazi ya mapenzi ya maisha mazima, na naiheshimu. Mji wa Waterdeep peke yake unaweza kuishughulisha meza yenu miaka na miaka. Lakini humo uchawi umo, dhahabu imo, miungu imo tena mingi na inaitika, na ukiwa na fedha ya kutosha unampata hata wa kukufufulia maiti wako. Kila ninapoiendesha najikuta kazi yangu kubwa ni kupunguza: nafunga milango, nazima taa, nawaondoa wakubwa wenye nguvu wasije wakaimaliza kazi ambayo wachezaji wangu wametumwa kuifanya. Kwa anayejifunza inafaa sana, maana chochote atakachobuni kitapata mahali pa kukaa. Ila kipenzi changu siyo hiyo.

Sasa twende Athas.

Dunia hii ilitoka mwaka 1991 kwa jina la Dark Sun. Walioitunga ni Troy Denning na Timothy B. Brown, na picha zake zilichorwa na Brom, picha ambazo ukishaziona huzisahau. Athas ni jangwa. Chuma ni adimu kiasi kwamba mwenye kisu cha chuma ametembea na mali kiunoni. Watu wanapigana kwa mifupa, mawe na mbao, na sarafu zao ni za udongo wa kuchoma. Miungu hakuna. Miji inatawaliwa na wafalme wachawi, na huo uchawi ndio ulioiua ardhi, kwa sababu mchawi anavuta nguvu kutoka kwenye mimea, na asiyejali anaacha majivu pale aliposimama. Yupo pia anayejizuia, anayechukua kwa kiasi ili mmea usife, lakini huyo anapanda ngazi polepole kuliko mwenzake asiyejali. Oneni ufundi ulivyo hapo: hakuna mahubiri yoyote juu ya mazingira, kuna kishawishi tu, na kila mchezaji wa uchawi anakutana nacho. Kitabu chenyewe kilimtaka kila mchezaji awe na wahusika wanne tayari, maana huyo wa kwanza haikutegemewa adumu.

Kinachonishika zaidi ni maji. Kwenye michezo mingine maji ni mapambo ya njiani. Athas unayahesabu, siku kwa siku, kichwa kwa kichwa.

Niwaonyeshe inavyokuwa mezani. Tulikuwa Sinza, kibarazani kwa mmoja wetu, jioni moja ya joto lile mnalolijua. Msafara wa wachezaji ulikuwa umetoka mji wa Tyr na umebakiwa na viriba viwili vya maji. Njiani wakamkuta mzee amekaa kwenye kivuli cha mwamba, yeye na mjukuu wake, midomo imepasuka. Mzee hakuomba. Alitoa ndani ya nguo yake kipande cha chuma, urefu wa kidole, akakiweka mchangani mbele yao. Dada mmoja ambaye kazi yake ni unesi ndiye mhusika wake aliyekuwa amebeba viriba. Akaniuliza, "Zimebaki siku ngapi kufika?" Nikamjibu mbili, kama hakuna tufani ya mchanga. Akanyamaza. Kaka aliyecheza mpiganaji akasema, "Mpe kimoja, tuchukue chuma." Mwenzake akamwambia, "Chuma hakinyweki." Wakaanza kupiga hesabu kwenye karatasi, vikombe kwa vichwa, wanafuta, wanaandika upya, na mzee wa watu anawaangalia tu kupitia macho yangu mwenyewe, hasemi kitu. Mwishowe yule dada akasema, "Mzee, rudisha chuma chako. Mtoto anakuja na sisi. Wewe…" Hapo akakwama. Akaomba tupumzike kidogo, akainuka akaenda kusimama getini.

Tangu tukae jioni ile hakuna aliyekuwa amerusha dadu. Wala hakukuwa na zimwi, wala upanga. Kulikuwa na viriba viwili.

Nadhani Athas inakaa vizuri sana kwenye meza za mji huu kwa sababu watu wa Dar hawahitaji kuelezwa mgao wa maji. Tunajua kuamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba limeanza kukoroma. Tunajua siku ambayo bei ya dumu inapanda na muuzaji hataki mjadala. Msimulizi akisema "kisima kina foleni na mwenye kisima amepandisha bei", wachezaji wake wanaisogeza hadithi wenyewe, na kila mmoja ana la kuongeza.

Nyingine inanyima habari. Traveller ilitoka mwaka 1977, ya Marc Miller na wenzake wa kampuni ya GDW, vijitabu vitatu vyeusi ndani ya boksi. Ni mchezo wa angani, na dunia yake kuu ni himaya ya sayari zipatazo 11,000. Vyombo vinaruka kutoka nyota hadi nyota, na kila mruko, uwe wa karibu au wa mbali, unachukua takriban wiki moja. Halafu hakuna redio wala simu inayoweza kukitangulia chombo. Habari yoyote lazima ipakiwe, isafirishwe, ishushwe. Kaisari akifariki leo mjini kwake, mikoa ya pembezoni itaendelea kutoa amri kwa jina lake kwa miezi. Na kweli, katika toleo la mwaka 1987 watungaji walimuua kaisari Strephon, na himaya ikapasuka vipande. Hebu fikirini ninyi ndio mabaharia wa meli ya kwanza kufika na habari hiyo kwenye sayari ambayo gavana wake anajiona salama. Mtaiuza? Mtaificha mpaka mshushe mzigo? Mtamwambia gavana kwanza, au adui yake?

Tena humo humo mna unyimaji mwingine. Meli yenu ya biashara ni ya mkopo, na mkopo unalipwa kila mwezi kwa miaka 40. Kijana anayeendesha bodaboda ya mkataba hapa mjini akisikia hivyo anaelewa bila maelezo, maana hesabu ya bosi haijui mvua wala msiba. Nimeona meza nzima ikikataa kazi ya kishujaa, kazi ya kuimbiwa nyimbo, kwa kuwa tarehe ya marejesho ilikuwa imekaribia na mzigo wa nyama ulikuwa haujapata mnunuzi. Watu wakabishana karibu saa nzima wauze kwa hasara au wangoje. Ilikuwa jioni nzuri mno.

Na jambo la kuwafaa wanafunzi waliopo hapa: Traveller haitaki dadu za ajabu. Dadu mbili za kawaida za pande sita zinatosha, zile za kwenye ludo. Kama mna ludo nyumbani, mna nusu ya mchezo.

Sasa nifike kwenye ile niipendayo kuliko zote. Inaitwa Glorantha.

Mtungaji wake, Greg Stafford, aliianza mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa chuo, kabla michezo hii haijakuwepo kabisa. Mwaka 1975 alianzisha kampuni ya Chaosium ili achapishe mchezo wa ubao uliokuwa na dunia hiyo ndani yake, na mwaka 1978 ikatoka RuneQuest, ambayo ndiyo iliyotuwezesha kuingia humo kama wahusika. Aliendelea kuiandika mpaka alipofariki mwaka 2018. Ukisoma kazi zake unaona mtu aliyeziheshimu ngano za kale, aliyekaa nazo kitako akizisikiliza.

Glorantha inanyima kuwa peke yako. Kwenye michezo mingi mhusika anazaliwa mlangoni mwa hoteli ya wasafiri: hana mama, hana mjomba, hana anayemdai. Anapita akiua na kuokota. Glorantha hilo haliwezekani. Kabla hujaanza kucheza lazima ujulikane wewe ni wa ukoo gani, bibi yako alipigana vita gani, baba yako alikufaje, mungu wa nyumbani kwenu ni yupi. Katika nchi ya Sartar, ambako watu wengi huanzia, utajiri ni ng'ombe. Ukimuua mtu wa ukoo mwingine, fidia haikuhusu wewe tu, ukoo wako wote unalipa. Kwa hiyo unapochomoa upanga umechomoa na ng'ombe za shangazi yako, na shangazi ana haki ya kukuuliza.

Nilipoifungua kwa mara ya kwanza mbele ya kundi la vijana wa mjini hapa, nilikuwa nimeandaa mambo makubwa, himaya ya Mwezi Mwekundu inayowakalia watu wa Sartar, mazimwi waliolala chini ya milima. Kijana mmoja aliyelelewa na babu mfugaji akainua mkono akauliza, "Ng'ombe zetu zinalala wapi usiku?" Nikasema zinalala zizini, kando ya kijito. "Na zizi linalindwa na nani?" Ikabidi tujue. "Na huyo mlinzi ameoa?" Basi jioni yote ikahamia zizini. Mlinzi akapata jina, akapata mke wa ukoo wa upande wa pili wa bonde, na shemeji mwenye njaa ya ng'ombe. Usiku wa manane shemeji akaja na wenzake. Himaya ya Mwezi ikasubiri wiki mbili tatu, na ilipokuja kweli, ilikuta watu wenye kitu cha kupoteza.

Miungu yake nayo si ya kuomba ukaondoka. Kila mmoja anakupa nguvu, na pale pale anakunyima. Humakt ni mungu wa mauti na upanga: mfuasi wake anapata silaha ya kutisha, lakini akifa amekufa, hakubali kufufuliwa. Chalana Arroy ni mponyaji, na wafuasi wake wameapa kutomdhuru kiumbe hai. Sasa mchukue mponyaji huyo umweke kwenye vita, pembeni ya rafiki yake wa damu ambaye ni mtu wa Humakt, halafu uone kama unahitaji kuwaandalia kisa. Yupo Lhankor Mhy wa elimu, ambaye wanazuoni wake hufuga ndevu, na wanawake miongoni mwao huvaa ndevu za bandia. Wengine hucheka wakisikia hilo. Mimi naliheshimu, kwa sababu ndivyo mila za kweli zilivyo: zina jambo ambalo mgeni halielewi na mwenyeji halioni haja ya kulieleza.

Na kisa kikuu cha Glorantha ni hiki. Orlanth, mungu wa tufani, alimuua Yelm, ambaye ni Jua. Giza likaingia, machafuko yakafuata, miungu ikafa, karibu kila kitu kiishe. Ndipo Orlanth akashuka kuzimu, yeye na wenzake wachache, akamtafute yule yule aliyemuua na kupatana naye. Walipopatana jua likachomoza, na hapo ndipo wakati ulipoanza. Yaani dunia nzima imesimama juu ya suluhu ya watu wawili wasiopendana mpaka leo. Uzuri wa mchezo ni kwamba watu wa kawaida wanaweza kuingia ndani ya kisa kama hicho. Wanafanya tambiko, wanavuka, wanatembea njia iliyotembewa na mungu wao, wakikutana na adui zake mmoja mmoja. Wakifaulu wanarudi na neema kwa ukoo, iwe mvua, iwe uzazi, iwe ng'ombe. Wakishindwa, ukoo wote unaugua nao. Sijaona mchezo mwingine unaoichukulia ngano kama mahali pa kwenda, penye njia yake na hatari zake.

Najua watu wanaiogopa kwa wingi wa vitabu. Msiogope. Chukueni bonde moja, ukoo mmoja, mungu mmoja au wawili, na mumwache mtu aulize ng'ombe zinalala wapi.

Nipite haraka kwenye Tales from the Loop, ya kampuni ya Uswidi iitwayo Free League, mwaka 2017, iliyotokana na picha za msanii Simon Stålenhag. Wahusika ni watoto wa miaka 10 hadi 15 katika miaka ya 1980, kwenye miji yenye mitambo ya ajabu. Inanyima wakubwa: baba na mama wapo, lakini hawaamini na hawana msaada. Mtoto kwenye mchezo huu hafi, ila anaweza kuumia, kuogopa, kuvunjika moyo. Sisi tuliihamishia Upanga, mwaka 1984. Tanzania Bara ilikuwa haina televisheni, mpaka 1994, kwa hiyo watoto wetu walikuwa na Redio Tanzania, na foleni ya sukari waliyotumwa kuishikia nafasi, na baiskeli moja ya kugombania. Ikatokea kwamba kila habari ya ajabu iliwafikia kwa redio au kwa mdomo wa mtu kwenye foleni. Wazazi mliokuwepo miaka ile, tukiwaomba mkae na kundi hilo jioni moja, tafadhali msikatae. Mnajua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote.

Sasa nataka kusema jambo ambalo liko moyoni mwangu muda mrefu. Je, sisi tumo humo kwenye vitabu?

Tumo, kwa namna. Mwaka 1984 Chaosium walitoa Masks of Nyarlathotep, kisa kirefu cha mchezo wa kutisha uitwao Call of Cthulhu, cha Larry DiTillio na Lynn Willis. Wachunguzi wa mwaka 1925 wanazunguka dunia, New York, London, Cairo, na wanakuja Kenya. Wanashuka melini Mombasa, wanapanda treni, wanakwenda Nairobi, na mbele yao kuna mlima wa ibada za damu. Wanaoipenda wanasema ni miongoni mwa kazi bora kuliko zote za aina yake, na katika ujenzi wa fumbo nakubaliana nao kabisa. Lakini mtu wa pwani akiisoma anaiona Mombasa imekuwa kituo cha kubadilishia usafiri, na bara nyuma yake limekuwa mahali pa kuogopwa. Mji wenye misikiti ya mamia ya miaka unapitwa na wageni wenye haraka.

Mwaka 2002 Atlas Games walitoa Nyambe, ya Chris Dolunt, dunia ya kishujaa iliyojengwa juu ya ngano za Afrika. Ilifanya kwa heshima kile ambacho wengine hawakujaribu, na naishukuru. Humo utamkuta kitunusi, ambaye kwetu pwani ni kiumbe wa baharini wa kuogofya, amepewa kabila zima la watu wafupi. Shida yangu na Nyambe ni kipimo changu kile kile. Imechukua bara lote, magharibi na kusini na mashariki, ikalimwaga kwenye ramani moja. Imetupa vitu vingi mno, haikutunyima chochote. Unapita ndani yake kutoka ajabu hadi ajabu.

Ndiyo maana nawaambia, dunia yetu tuijenge sisi, na tuijenge kwa mahali pamoja padogo panaponyima kwa nguvu. Mimi nimeshachagua pangu. Ni Kilwa Kisiwani.

Kilwa inanyima upepo. Kaskazi inavuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ikivishusha vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi inaingia kama Aprili, inavirudisha kwao. Nahodha hawezi kubishana nayo. Chombo kutoka kaskazini kiliweza kufika Kilwa na kurudi ndani ya msimu, lakini kwenda mpaka Sofala, huko Msumbiji, kwenye dhahabu, na kurudi nyumbani mwaka ule ule, hapana. Basi watu wa Kilwa wakawa ndio wanaokwenda kusini wenyewe, wanaileta dhahabu na pembe, wanaiweka, wanangoja wageni. Upepo uliowanyima wengine ndio uliojenga Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane juu ya ufuko. Mtungaji wa mchezo angebuni kanuni hiyo tungemsifu kwa akili yake, na hiyo ni historia, iko kusini mwa hapa, safari ya siku moja kwa basi.

Nani anaishi humo? Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu aliyesifika kwa kutoa. Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri wa Yemeni alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Alipofariki akarithi ndugu yake Daud, na huyu mwombaji akimjia humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Mimi mchezo wangu unaanza hapo hapo, Daud akiwa kitini. Mji umezoea mkono ulio wazi, sasa umefungwa. Kila mhusika aliahidiwa kitu na marehemu.

Kuna na deni la zamani zaidi. Yasimuliwa kwamba mwanzilishi wa ukoo wa masultani alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa nguo, nguo ndefu ya kukizunguka kisiwa chote. Yasimuliwa pia kwamba mwenye kisiwa alipotaka kurudi na kupigana, ikasomwa Kurani na kutolewa sadaka, na ule mkondo uliokuwa ukipitika kwa miguu maji yakipwa haukukauka tena. Kwenye meza yangu wapo wajukuu wa mtawala yule, wanakuja sokoni kila wiki na pembe na nafaka, wanakumbuka kila dhiraa ya nguo ile. Wanasema ilipungua.

Na vitu vya kushika mkononi vipo. Mitepe, yaani vyombo vya kushonwa kwa kamba za nazi, visivyo na msumari hata mmoja. Sarafu za shaba ambazo maneno ya upande huu yana vina na maneno ya upande wa pili, kwa hiyo kila malipo madogo ni ubeti. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo namna zilivyofika huko ni fumbo. Mpeni mchezaji nahodha na mpeni fumbo hilo, mtamkosa mwezi mzima.

Majini nao wamo. Mezani kwangu nimewapa kanuni ile niliyojifunza Glorantha: jini akikupa upepo nje ya msimu, kuna kitu chako anakinyima, na hakuambii ni kipi mpaka umeshatweka tanga.

Baada ya chai meza ile ya dirishani itacheza Kilwa. Nimeandaa wahusika sita: nahodha mwenye deni, fundi wa kushona mitepe, mwanamke mfanyabiashara wa shanga anayejua lugha tatu, karani wa Husuni Kubwa, fakiri, na mjukuu wa mtawala wa bara aliyekuja na kamba ya kupimia. Kaskazi imebakiza siku chache kugeuka, chombo cha Sofala hakijaonekana, na Daud ameagiza ghala zifungwe. Dadu ni za ludo. Wazazi wawili wanakaribishwa kucheza, na karani ningependa achukuliwe na mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini.